Gari ya Baba Mdogo Iliyosaga Meno

Juzi kijana wangu kaja kunichukua hapa Ilomba na gari mpya. Nimekaa humo ndani nasubiri, nasubiri, mwisho nikamwambia, "Washa basi twende." Akacheka mpaka akalalia usukani. Kumbe tumeshafika Mwanjelwa! Gari haitoi hata pumzi. Ndugu yangu, ungeisikia gari ya baba mdogo wewe, ungepanda mti.

Miaka ile ya hamsini tulikaa Kihesa, kule Iringa. Baba mdogo alikuwa na pikapu aliyoiunga mwenyewe, bodi ya gari moja, injini ya nyingine. Sasa hiyo injini ndiyo ilikuwa na mambo. Tapeti zake, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke, zilikuwa chuma kitupu, chini zina virola, vile vijigurudumu. Hazibonyei hata kidogo. Lazima uziachie kanafasi kembamba, zigonge, na kila mara ufungue mfuniko ukapime upya. Rafiki yake fundi alimwambia injini ile ni ya mashindano, siyo ya kubebea viazi mtaani. Akajibu, "Viazi vyangu vina haraka."

Ilikuwa inalia taka-taka-taka-taka. Bibi alisema ni kama mtu anatafuna bisi huku anatetemeka kwa baridi. Ikipita asubuhi, kuku wote wa Kihesa wanataga, hata majogoo wanajaribu. Bibi alisonga ugali kwa kuisikiliza. Ikilia kule bondeni, anabandika maji. Ikikaribia, anamimina unga, na maharage yananukia mpaka barabarani.

Baba mdogo akapata mchumba Igowole, huko Mufindi, kwenye baridi inayogandisha mate kabla hujatema. Tulienda kumchukua siku moja kabla ya harusi, sisi watoto nyuma pamoja na yule fundi, ndiye msimamizi wake. Tumeshakula, tumeshaimba, baba wa binti akashika kikombe chake cha ulanzi, pombe ya mianzi, akasema, "Mkwilima, mkwe wangu, na wewe sina neno. Lakini mwanangu haendi kanisani na gari inayosaga meno. Watu watasema nimemwoza kwa fisi."

Baba mdogo alimpenda yule binti vibaya sana. Asubuhi, injini ya baridi, akafungua mfuniko akakaza tapeti zote mpaka nafasi ikaisha kabisa. Fundi akamshika mkono.

"We! Chuma kikipata moto kinatanuka. Valvu hazitafunga hizo. Utalala njiani."

"Nitalala njiani, lakini nitakuwa nimeoa."

Tukaondoka kimya kama tunaiba, bibi harusi na shangazi yake wamebanana mbele. Baba mkwe alikuwa anatangulia na basi, akatupungia mkono kwa furaha. Lakini kufika Mafinga gari ikaanza kukohoa. Ifunda tukapitwa na baiskeli. Baadaye tukapitwa na bibi kizee ana mzigo wa kuni, akatupa pole. Pale Ipogolo, chini ya mlima wa kupandia mjini, ikazima kabisa. Kengele ya kanisa tunaisikia kule juu.

Shangazi wa bibi harusi ndiye alikuwa wa kwanza kushuka. "Nilisema mimi! Mwanangu, shuka turudi kwenu. Mwanaume ambaye gari yake inamfia siku ya harusi, yeye mwenyewe atakuwaje?"

Baba mdogo akaangalia viatu vyake. Nilimwona machozi, nakwambia, kila chozi kama kiazi.

Bibi harusi tangu Igowole alikuwa hajafungua mdomo, ndiyo heshima. Akashuka na gauni lake jeupe, akaenda akasimama mbele ya bwana.

"Umeifanya nini gari?"

"Baba yako alisema inapiga kelele."

"Kwani baba ndiye anaolewa? Mimi niko shambani kwenye pareto, naisikia bado iko mbali huko, natupa kikapu nakimbia kunawa uso. Sasa ukija kimya, mimi nitajuaje? Fungua!"

Kipimo cha ile nafasi kilibaki Kihesa. Baba mdogo akatoa wembe aliojinyolea asubuhi, ndio akaupitisha kwenye kila tapeti, analegeza, anapima, vidole vinaungua, suti inanuka oili. Fundi anazungusha hendeli ya kuwashia injini. Bibi harusi kashika nati zote kwenye glovu zake nyeupe. Shangazi kakalia gunia, katupa mgongo.

Halafu hendeli moja ya nguvu. Taka-taka-taka-taka! Sisi watoto tuliruka mpaka tukagongana vichwa. Mlima ule tuliupanda kama tunashuka, na kengele ya kanisa haikusikika tena. Baba mkwe mlangoni akashika kichwa, lakini akamwona binti yake, glovu nyeusi tii, anacheka meno yote nje. Akasogea tupite.

Waliishi miaka mingi, wakazaa, wakagombana, wakapatana. Bibi alishakwenda, yule fundi pia. Siku hizi gari ikizima mlimani watu wanakaa ndani wanapiga simu.

Mama mdogo, yule bibi harusi wa glovu, alitangulia. Matanga hayajaisha, baba mdogo akaiuza ile pikapu. Tukamshangaa, bado nzima, inatembea vizuri tu. Nikamuuliza, baba mdogo, mbona unaiuza?

"Sasa impigie nani kelele?"