Blada Niliyomfungia Ekisa

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, na ningeshukuru sana kama ningeweza kuisahau. Nilikuwa kijana wa baiskeli pale Malaba, kabla pikipiki zenu hizi hazijaja, na mizigo mingi iliyotoka mpakani kwenda vijijini ilipanda kwenye keria zetu. Sifa yangu ilikuwa moja tu, nami niliringa nayo kama mtu aliyepewa uchifu: mzigo niliofunga mimi hauanguki. Nilifunga kwa blada, ule ukanda wa mpira tunaokata kwenye tyubu kuukuu. Unauvuta mpaka ulie, unauzungusha, unapachika ncha yake chini ya raundi ya mwisho. Wenzangu waliniita Fundi, na mimi mjinga nikaitika.

Rafiki yangu pale steji, kituo chetu cha baiskeli, alikuwa Ekisa, Mteso kwa kabila, wa Angurai, mrefu na mpole, mwenye kucheka mpaka machozi yamtoke. Mimi kwetu ni Sigalame, mbali kidogo, kwa hiyo kwao ndiko nilikokula na kulala. Mama yake alikuwa mjane, na hakuwa na mtoto mwingine.

Steji yetu ilikuwa na sheria kali: ukiacha mzigo wa mtu njiani, umejifuta. Mwenyekiti hakujali kama umeugua au umefiwa. Watu walituamini kwa sababu ya sheria hiyo, na sisi tuliiogopa kuliko tulivyomwogopa Mungu.

Basi siku hiyo tulikuwa tukipeleka maharagwe Chakol, kwa mama mmoja mfanyabiashara. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko baiskeli ya Ekisa iliteleza, ikamwangukia pamoja na gunia, na uzito wote ukatua kwenye shavu la mguu wake wa kushoto. Tulipoiondoa hatukuona damu, wala mfupa haukuwa umevunjika. Alisimama, akachechemea hatua mbili, akaketi nyasini.

"Barasa, wacha nirudi nyumbani," akasema. "Hii mguu imeumia vibaya."

"Ukirudi, steji umeaga. Kaa hapo nikufunge."

Hakubishana. Alikuwa mtu wa kuamini watu, na mimi ndiye niliyekuwa Fundi. Nilitoa blada mbili nikamfunga kuanzia kifundo cha mguu mpaka karibu na goti, nikivuta kwa nguvu zilezile nilizofungia magunia. Ekisa aliuma ukosi wa shati lake. Nilipomaliza nilipigapiga kazi yangu kwa kiganja, nikaridhika nayo. Kisha tukasukuma baiskeli.

Hatujafika nusu ya njia, akaniambia vidole vinamchoma kama amekanyaga siafu, na kwamba maumivu yanazidi badala ya kupungua. Aliniomba nilegeze kidogo. Nikamwambia akaze roho, mpira ndivyo unavyoshika. Baadaye akasema vidole hata havisikii tena. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nilidhani maumivu yamekwisha.

"Umeona?" nikamwambia. "Dawa imeingia."

Nikikumbuka maneno hayo, mwanangu, hata leo natamani kujizaba kofi.

Tulifika Chakol alasiri. Mzigo ulifika mzima, kama kawaida yangu. Yule mama mwenye maharagwe hakuutazama hata. Alitazama chini, kwenye mguu wa Ekisa.

"Yesu wangu! Mbona mguu yake imekuwa rangi hiyo?"

Niliinama nikaushika. Ulikuwa baridi. Wayo ulikuwa umepauka, na nilipokata blada kwa kisu, Ekisa alipiga ukelele ambao ulisimamisha soko. Shavu la mguu lilikuwa gumu kama ubao. Yule mama ndiye aliyemlilia mwenye pikapu mmoja atukimbize hospitali. Mimi nilikuwa nimesimama tu, kisu mkononi.

Daktari alikuwa mzee mfupi, mchovu, asiye na maneno mengi. Alibonyeza, akaugusa wayo hapa na pale, akaona mistari ya mpira iliyozama katika ngozi.

"Nani alifunga hii mguu?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua. Lakini hakikutoa kitu.

"Mimi mwenyewe, daktari," akasema Ekisa. Wala hakunitazama.

Daktari alitikisa kichwa. "Mfupa ni mzima. Ungelala chini, uinue mguu, ingepona yenyewe. Nyama ikiumia inavimba, na ikivimba inataka nafasi. Wewe umeikaba siku mzima, damu ikakosa njia."

Walijaribu walivyojua. Siku ya tatu walimkata mguu chini ya goti.

Mama yake alifika na kuku kwenye kikapu, akaniona mlangoni, akanishika mikono yote miwili. Alinishukuru. Alisema kama si mimi kumfikisha hospitali, angemzika mwanawe. Tangu hapo, kila nilipowatembelea alinichinjia, na mimi nilikula, na Ekisa aliketi ng'ambo ya meza, gongo lake limeegemea ukuta, akala. Hakucheka tena kama zamani. Wala hakumwambia mama yake nani alimfunga, si siku hiyo, si baadaye, mpaka alipokufa kwa ugonjwa mwingine akiwa bado hajazeeka. Mama yake alimfuata. Nililibeba jeneza la yule mama begani, watu wakinisifu kwamba nilikuwa mtoto wake wa pili. Aliingia kaburini bila kujua ni mkono gani uliomharibia mwanawe. Ningeweza kumwambia siku yoyote, nami sikumwambia kwa sababu nilikuwa mwoga.

Sasa naona nyinyi vijana wa pikipiki mnaanguka, mnachubuka, mnateguka, na blada bado mnazo. Nimemwona mmoja juzi hapa Busia amejifunga goti nayo, anacheka. Sikucheka naye. Nilimfungua mwenyewe, na akinichukia na anichukie.

Nisikilize basi. Mguu ukiumia, kazi imekwisha siku hiyo, hata mwenyekiti akupigie kelele. Keti. Uinue mguu juu ya kitu. Weka kitambaa cha maji baridi kwa muda mfupi, kitoe, halafu urudie. Maji moto na wale wakandaji wa kukuvuta mpaka ulie, waache kwa siku hizo za mwanzo. Ukifunga, funga kwa bandeji laini, kidole kiweze kupita chini yake, na uwe ukitazama vidole vya mguu kila mara. Vikifa ganzi, vikipauka, vikiwa baridi, au maumivu yakizidi hata umepumzika, fungua kila kitu upesi ukimbie hospitali. Usingoje kesho. Ganzi si kupona. Na kama mguu haukubali hata kukanyagia, nenda pia. Uvimbe ukishapungua, anza kuuchezesha polepole, utembee kidogo leo na kidogo zaidi kesho. Usirudi kubeba mzigo kabla hujaweza kuusimamia mguu huo peke yake bila kuyumba.

Na mwenzako akikuambia anaumia, mwamini. Yeye ndiye aliye ndani ya mguu wake, wewe uko nje. Ukikosea, sema siku ileile, kinywa kikiwa bado kinaweza kufunguka na anayestahili kusikia akiwa bado hai.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde usianguke, na ukianguka akupe mtu wa kukuketisha chini. Lakini zaidi ya yote akulindie mikono yako, isije ikamlemaza mtu anayekupenda huku wewe ukidhani unamsaidia.