Asubuhi Shemeji Aliyokaa Bila Kugusa Gari

Shemeji yangu, mume wa dada, hana gari wala hajawahi kuwa nalo. Lakini kila siku ya kazi, ikigonga saa mbili asubuhi, funguo za magari arobaini na moja ziko mikononi mwake, na ole wako umwambie hajui kuendesha.

Kiwanda chetu kinashona sare za shule, za wauguzi na za walinzi. Mimi niko meza ya vifungo. Tulipoanza tulikuwa watu kumi na wanne na magari mawili, la bosi na la mhasibu. Sasa tuko mia moja na ishirini, watu wamejinunulia vigari vyao, na uwanja ni uleule, unaobeba magari ishirini kwa kujibana. Yanayozidi ndiyo kazi ya shemeji. Anayapanga pua kwa mkia, anatundika funguo kwenye ubao wa misumari, na anajua kwa kichwa nani anatoka saa ngapi. Wa zamu fupi anawekwa karibu na geti, fundi wa cherehani anayeondoka wa mwisho anabanwa ukutani. Hajawahi kukwaruza hata kioo. Sifa hiyo simnyimi, ingawa kwa maringo yake alistahili kunyimwa.

Na ni mwaka wa tisa huu yuko hapo, bado ni kibarua. Akiugua, siku yake imekwenda na maji. Hana barua ya ajira, hana likizo, hana bima, na dada yangu ana mimba ya tatu. Basi bosi alipoomba halmashauri ibadilishe matumizi ya kiwanja chake cha jirani, kilichopimwa kwa ajili ya nyumba za kuishi, kiwe maegesho ya wafanyakazi, alimwita shemeji akamwambia, "Kibali kikitoka, wewe ndiye msimamizi wa maegesho. Ajira ya kudumu." Dada alinipigia simu analia kwa furaha. Nikamwambia, "Futa machozi kwanza, mwenzangu. Ahadi haivaliwi."

Maofisa wa mipango miji wakatuma taarifa kwamba watakuja Alhamisi kukagua kama kweli nafasi haitoshi. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angeyaacha magari yalivyo. Shemeji yangu alidamka, akamwomba mlinzi wa shule ya jirani, maana shule zilikuwa zimefungwa, akahamishia kule zaidi ya nusu ya magari. Akafagia. Akanyunyiza maji. Yaliyobaki akayapanga kama vikombe kabatini. Maofisa wakapita katikati yake wakipunga mikono. Mmoja akasema, "Pazuri hapa." Shemeji akajibu, "Karibuni sana," meno yote nje.

Wiki mbili baadaye barua ikaja: nafasi iliyopo inatosha, ombi limekataliwa.

"Nani alikutuma ufagie?" bosi alifoka, sote tukisikia.

"Bosi, wageni walikuwa wanakuja."

Lahaula! Nilitaka kumrushia kopo la vifungo. Nilimfuata nje nikamwambia, "Shemeji, umejipalia makaa mwenyewe. Dada nimwambie nini?" Mtu wa maringo vile, akauchukua ule ufagio akaenda kuuficha nyuma ya geti, nikajua imemwingia.

Kesho yake akavaa shati lake la kupigia picha, akaenda halmashauri. Alimkuta mama mmoja mfupi, ofisa yuleyule aliyeandika ripoti. Akamweleza yote, ya shule na ya ufagio. "Niliona aibu mkute vurugu," akasema. "Kosa ni langu, si la kiwanda."

Yule mama akafungua daftari lake. "Na nikija bila taarifa nitakuta nini?"

"Ukinikuta kazini, utakuta pamepangwa. Njoo Jumatatu, mama. Nitakaa pembeni ujionee mwenyewe."

Bosi alikubali kwa shingo upande. Jumatatu hiyo shemeji alikaa kwenye benchi la mlinzi, mikono kaibana katikati ya magoti. Kila aliyefika aliingiza gari anavyojua. Mkata vitambaa akaziba geti, mhasibu akamziba mkata vitambaa, foleni ikatoka hadi barabarani, na jirani akashindwa kutoa gari kwake kumpeleka mtoto kliniki. Honi, matusi, kila mtu anamwita shemeji. Alikuwa anatokwa jasho kama mtu anayeng'olewa jino. Mara mbili aliinuka, mara mbili nikamwambia kupitia dirishani, "Kaa chini!" Yule mama ofisa alisimama ng'ambo ya barabara, anaandika. Saa tatu kasoro akafunga daftari, akamwambia, "Haya, baba, inuka." Dakika ishirini tu, njia ilikuwa nyeupe.

Ombi likarudishwa kwenye kamati. Huku nyuma bosi akaanza kupimapima kile kiwanja kwa hatua. "Hapa yanaingia magari sitini," alimwambia shemeji. "Tukichora mistari, kila mtu atajiegeshea. Suala lako tutaona." Tutaona! Nilikasirika mpaka nikashona vifungo vya koti zima upande usio wake. Shemeji aliitikia tu, "Sawa, bosi." Nyumbani, dada anasema, alikula matonge mawili akasukuma sahani.

Kibali kilitoka mwezi uliofuata. Karani alikisoma mbele yetu, bosi anatabasamu. Ukuta ujengwe upande wa majirani, sawa. Taa zisimulike madirisha ya watu, sawa. Sharti la tatu: kwa kuwa mtaa ni wa makazi, kiwanja kisitumike kabla mwombaji hajawasilisha mkataba wa ajira ya kudumu wa msimamizi wa maegesho, "ambaye ni yule aliyeonekana kazini siku ya ukaguzi wa pili."

Bosi aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe. Kisha akamwambia karani, "Haya, andaa mkataba."

Shemeji alimpigia dada palepale. Dada akaitikia, "Haloo? Haloo?" na yeye akanigeukia. Akanipa simu.

"Dada," nikasema, "mumeo ameajiriwa."