Shangazi Mahfoudha na Chumba cha Ndimu

"Shangazi, nani alithubutu kumkatalia mfalme?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza hivyo Shangazi Mahfoudha, dada yake Baba. Ndiyo kwanza amefika kwetu Maskati kutoka Unguja, mwaka 1964, na kule alikuwa mwalimu. Akanitazama, akacheka. "Jibu lake refu kuliko wewe. Urefuke kwanza."

Siku zile serikali haikuwa na skuli ya wasichana, basi Shangazi akatukusanya wasichana wa mtaani katika chumba cha juu cha nyumba yetu. Alikuwa mfupi, mnene, na akisimulia wafalme wa Uingereza utadhani kala nao pilau. Mfalme John, alituambia, alitoza watu kodi na kuwafunga apendavyo, mpaka mwaka 1215 mabwana wakubwa wa nchi wakambana uwanjani kando ya mto, akatia muhuri hati kwamba hata yeye ana sheria juu yake.

"Akaishika ahadi?" nikauliza.

"Wapi! Muhuri haujapoa, keshaanza kutafuta wa kumfungua na ahadi ile."

Sasa Baba, Bwana Marhoon, alikuwa akiuza ndimu kavu, na chumba kile alikitamani. Asubuhi moja tukakuta magunia yamejaa mpaka mlangoni.

"Someshaneni mtakapo," alisema. "Nyumba yangu, amri yangu."

Shangazi alilia. Hakuwa na pengine, na bila ya kusomesha, alisema, atabaki mgeni wa kulishwa tu.

Aliyemsaidia ni Bi Sayyida, jirani yetu aliyemnyonyesha Baba utotoni, kwa hivyo akiingia barazani kwake hata kama pana wanaume. Kwetu mtu mwenye jambo zito la kuomba akipewa kahawa huiweka chini, hainywi mpaka mwenyeji amkubalie, na kumkatalia mbele za watu ni aibu. Bi Sayyida akaketi, akapewa kikombe, akakiweka mkekani.

"Mama, kahawa inapoa," Baba akasema.

"Na ipoe. Nna haja nawe. Nnataka chumba cha wasichana."

Wageni wote wakamkodolea macho Baba. Angefanya nini?

"Umekipata, mama. Kunywa."

Mwezi haukwisha, magunia yakarudi. "Nilisema umekipata," Baba akajitetea, "sikusema mpaka lini!"

Safari hii Shangazi hakulia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mfalme John huyu!"

Ijumaa mama za wasichana wote wakaja kwetu, wakakaa ukumbi wa ndani. Mimi nikawatilia kahawa. Kikombe kimoja chini, cha pili chini, mpaka mkeka wote vikombe. Baba akakohoa nyuma ya pazia.

"Mbona kimya? Kahawa ina nini?"

"Kahawa haina neno," Bi Sayyida akamjibu. "Wanywaji ndio wana haja."

Shangazi akasogea pazia. "Kaka, gunia haliingii chumbani ila sisi tukubali. Leo, na kesho, na siku umeamka na hasira."

"Kwani mimi mfalme wa Kiingereza?"

"Afadhali wewe! Mfalme wao mwengine, Charles, alipigana na bunge lake mpaka akakatwa kichwa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nyuma ya pazia nikamsikia Baba naye anacheka. "Haya, nimekubali. Kunyweni, msinimalizie makaa bure!"

Toka siku ile, ndimu zikizidi, Baba akija kusimama mlangoni kuomba. Mara tukimkubalia gunia moja, la pembeni; mara tukimkatalia, akenda zake akinung'unika. Siku Shangazi aliposomesha mwaka 1689, jinsi mfalme na malkia wapya walivyosomewa masharti kabla ya kuvishwa taji, kwamba hawatozi kodi bila ya bunge, Baba alikuwa pale mlangoni, ati anatazama kama ndimu zimeota ukungu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Mwaka huu, 1970, skuli ya wasichana imefunguliwa. Mimi ninasoma, Shangazi anasomesha. Juzi, tukirudi nyumbani, nilimuuliza tena: nani hasa alithubutu kumkatalia mfalme?

"Peke yake, mwanangu, hakuna," alisema. "Walikwenda wengi. Na kila mfalme alipojitia kusahau, walirudi."