Goti yangu mbele ya beau-père

Leo nimepata haya mbele ya beau-père, baba mukwe yangu, na kiné ya hospitali akapiga makofi. Mucheke tu.

Munajua tulianguka na moto, pikipiki yetu, tukikimbia masasi ya bunduki kule Mavivi, nikavunjika mufupa ya paja. Mufupa ilishaungana, lakini goti ilibakia ngumu sawa kijiti.

Kila asubui hapa hospitali ya Butembo, kiné, ule anatufanyisha mazoezi, ananiambia: «Mama, kunja goti.»
Namujibu: «Haiwezekane.»
Akisukuma kidogo, napiga makelele mpaka bagonjwa bengine banacheka.

Leo vilevile. Nikamwambia aniache, nikaegemea ukuta na hasira yangu.

Mara mulango inafunguka.
Papa ya bwana yangu! Anatoka Mangina, amekimbia vita, mukono umefungwa na bande.

Bon, munajua kwetu. Mutu hasalimie beau-père amesimama wima sawa askari.

Nikapiga magoti. Yote mbili!

Kiné peke yake anapiga makofi.

Kisha maumivu ikakuya. Na kuinuka, hapana. Muzee hawezi kunigusa, miye muke ya mutoto wake. Akageuka, anaangalia dirisha, miye niko chini nalia.

Bamama babili bakaniinua.

Kiné akamwambia: «Papa, tafazali, kesho urudi.»

Muzee akajibu akiangalia tu dirisha:
«Nyumba iliungua, niende wapi? Nitakuya kila asubui, anisalimie mpaka atembee.»