Salamu Maria Nne za Bibi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita, wenzangu walitaka kuwa madaktari na marubani. Mimi nilitaka kuwa kiranja wa dini. Katika shule yetu ya masista, pembeni mwa mji wa Dodoma, kiranja wa dini alikuwa mtu. Ndiye aliyegonga kengele ya Malaika wa Bwana saa sita mchana, na shule nzima ikasimama, pamoja na walimu waliokuwa na chapati mdomoni. Ndiye aliyeongoza sala ya asubuhi mstarini. Na ulipofika Oktoba, mwezi wa rozari, ndiye aliyetembea mbele ya wote ameshika msalaba wa mbao, beji ya buluu ikiwaka kifuani. Nilipoipata beji hiyo nililala nayo siku tatu, mpaka iliponichoma shingoni mama akaninyang'anya.

Sitaficha kwamba niliipata kwa balaa la mwenzangu. Gasto, aliyekuwa kiranja kabla yangu, alikutwa na kitambaa cheusi kimefungwa mkononi, chini ya mkono wa shati. Mama yake alimfunga kumkinga na kijicho. Sista Agripina, mlezi wetu wa dini, hakumgombeza. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa Songea, mwenye sauti ndogo iliyotutisha kuliko fimbo. Alimwita Gasto mbele ya mstari, akamfungua beji taratibu kana kwamba anamtoa mwiba, akasema, "Anayeongoza wenzake kusali haombi huku na kule." Gasto alilia mpaka saa nne. Mimi nilimhurumia kwa dhati, na jioni yake nikaanza kufanya mazoezi ya kugonga kengele kwa sufuria.

Nyumbani kwetu Chang'ombe tulikuwa na Bibi, mama yake mama. Alikuja kutoka kijijini, upande wa Kibaigwa, kutibiwa macho. Macho yakapona, na yeye akabaki. Bibi alikuwa Mkatoliki wa siku nyingi, aliyebatizwa akiwa mtu mzima, na rozari yake ilikuwa imelika kwa vidole vyake. Lakini aliisali chinichini, kwa Kigogo. Kanisani alikaa benchi la mwisho, na watu walipojibu sala kwa Kiswahili, midomo yake ilicheza bila sauti. Nilimuuliza kwa nini.

"Kiswahili changu kinachechemea, mjukuu wangu," alisema. "Nikipaza sauti, watu watageuka kuangalia ni nani."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili, na jibu lile liliniuma. Bibi huyu, ambaye kwa Kigogo alikuwa anaweza kumnyamazisha mwenye nyumba wetu na kumchekesha kwa sentensi moja, kanisani aliogopa kusikika.

Sasa, kisulisuli. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa, ila kwa wa kwingine: kiangazi kinapokomaa na ardhi kuwa unga, upepo hujikunja uwanjani, ukainua vumbi, makapi na mifuko ya plastiki, ukasimama mrefu kuliko nyumba na kuanza kutembea. Sista Agripina alituchorea ubaoni jinsi hewa ya moto inavyopanda. "Upepo ni upepo," alisema. Bibi yeye alisema ule ni msafara wa wasioonekana, na ukimkuta mtoto ambaye hana wa kumsemea, unaondoka na sauti yake. Alikuwa na ushahidi pia: kijana wa jirani yao aliyepitiwa na kisulisuli akakaa wiki nzima mdomo umekwenda upande. Nesi alisema ni mishipa. Bibi hakubishana na nesi, alimwachia ya kwake.

Dawa yake aliwafundisha wajukuu wote. Usikimbie, kwa sababu humfuata anayekimbia. Simama, kanyaga ardhi kwa unyayo mzima, na useme kwa sauti maneno ambayo yeye aliyasema kwa Kigogo, na kwa Kiswahili ni kama hivi: "Pita, mwenye safari. Watoto hawa wana mwenyewe."

Mimi nilimwamini Sista, na nilimwamini Bibi. Kwenye mtihani niliandika hewa ya moto, nikapata vema. Njiani nikirudi nyumbani nilikanyaga ardhi kwa unyayo mzima. Sikuona ugomvi wowote kati yao, ilimradi wasikutane.

Walikutana siku ya kufunga mwezi wa rozari.

Wiki nzima tulikuwa tumefanya mazoezi ya maandamano. Sista alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwingine: kiongozi akisema sehemu yake ya Salamu Maria, mstari unatembea, shule ikianza kujibu, kila mtu anasimama palepale mpaka Amina. Alisema watoto wakitembea huku wanajibu, wanakanyagana visigino na sala inageuka ugomvi. Basi tulitembea na kusimama, tulitembea na kusimama, kutoka madarasani hadi kwenye groto, lile pango la mawe la Bikira Maria, upande wa pili wa uwanja, mpaka miguu yetu ikajua bila kuambiwa.

Wazazi walialikwa. Wengi walikuwa watu wa ofisini, waliohamia Dodoma na serikali, wa kila kabila, wamevaa vizuri. Nilimwomba Bibi aje. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia, "Bibi, mimi ndiye naongoza. Njoo unisikie tu, hutajibu kitu." Akaja na kitenge chake cha Pasaka na kilemba cheupe, akajibanza mwisho kabisa wa kivuli cha ukuta, nyuma ya akina mama wenye mikoba.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Mimi mbele na msalaba mkono wa kulia, rozari mkono wa kushoto. Nyuma yangu wavulana wanne wa darasa la saba wamebeba sanamu ya Mama Maria kwenye machela ya mbao, imefunikwa utaji wa buluu. Nyuma yao darasa la kwanza na maua ya karatasi, kisha shule yote. Sikuwa na kipaza sauti na sikukihitaji. Nilisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa jiko na kunirudia, na moyo ukanijaa. Niliringa, niseme ukweli. Niliringa mbele ya msalaba.

Tulikuwa kwenye tendo la tatu la rozari, na kila tendo lina Salamu Maria kumi. Nilikuwa nimemaliza Salamu Maria ya tatu nilipokiona. Kilianzia kwenye magoli, kidogo kama mtoto anayecheza. Kikainama, kikainuka, kikaokota vumbi la uwanja mzima na maganda ya mahindi, kikawa mnara mwekundu. Kikaja kwetu.

Darasa la kwanza waliachia maua na kupiga mayowe. Mstari ukakatika. Wengine walikimbilia madarasani, wengine walikimbilia wazazi, na wawili walipita chini ya machela, na machela ikayumba. Nikageuka nikaona Mama Maria ameinama upande mmoja, na Deo, aliyeshika mbele kushoto, anatafuta pa kumtua ili naye akimbie. Sanamu ile ilikuwa ya plasta. Masista walikuwa wameingoja miaka. Nilijua kwa uwazi wote wa mtoto kwamba ikivunjika, itavunjika mikononi mwangu.

"Simameni!" nilipiga kelele. Hakuna aliyenisikia.

Hapo ndipo unyayo wangu wenyewe ulipokanyaga ardhi. Nikafungua mdomo niseme Salamu Maria ya nne, na yakatoka maneno ya Bibi. Kwa Kigogo. Tena kwa sauti ileile ya kuongoza, yenye mpando na mshuko uleule wa rozari: Pita, mwenye safari. Watoto hawa wana mwenyewe.

Na shule ikajibu.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." Ilianza kwa wachache, kisha kote uwanjani, kwa sababu sauti ya kiongozi ilikuwa imeshuka pale inaposhukia siku zote. Na kwa kuwa walikuwa wanajibu, walisimama. Aliyekuwa anakimbia alisimama. Deo alisimama, machela ikanyooka. Walipofika Amina nikaona miguu inaanza tena, nikasema tena, na nikasogeza punje ya rozari. Wakajibu, wakasimama. Mara ya tatu vumbi lilikuwa limetufunika, nikasema nimefumba macho, mchanga mdomoni. Mara ya nne nilisema karibu kwa kulia.

Kisha kukawa kimya. Kisulisuli kilikuwa kimetupita, kimevuka uzio, kinakwenda zake upande wa barabara. Kilikuwa kimechukua maua yote ya karatasi, na utaji wa buluu kimeutundika juu ya paa la jiko. Mama Maria alikuwa amesimama kichwa wazi, mzima. Darasa la kwanza walikuwa wanakohoa, wazima.

Watoto wa wale watu wa ofisini walinitazama kwa heshima. Baadaye niliambiwa walidhani nimesali kwa Kilatini. Lakini kule ukutani kulikuwa na wazazi Wagogo, na hao walikuwa wameziba midomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

Sista Agripina alikuja amejaa vumbi hadi kwenye kope. Hakuuliza kwa hasira. "Umesema nini pale?"

Beji ilinielemea kifuani. Nilimkumbuka Gasto. Ningeweza kusema ni Kilatini, maana tayari shule nzima ilikuwa upande wangu, lakini Sista alikijua Kilatini na mimi sikukijua. Nikamwambia maneno yote kwa Kiswahili, nikiangalia vidole vya miguu yangu.

"Watoto hawa wana mwenyewe," alirudia Sista. "Mwenyewe ni nani?"

Leo najua jibu alilolingoja. Hata mtoto wa chekechea angelijua. Mimi nilijibu lililokuwa kweli kwangu.

"Bibi."

Wazazi walicheka, na ndani ya kicheko kile niliona kilemba cheupe kinapasua katikati ya mikoba. Bibi, aliyeogopa watu wageuke, alikuwa anavuka uwanja mtupu huku kila mtu amegeuka. Alisimama kando yangu, anahema.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele na milele, amina," Sista akajibu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maneno ni ya kwangu, Sista. Mtoto hana kosa, nimemfundisha mimi. Kama ni kuvua beji, mimi beji sina. Nivue kilemba."

Sista alimtazama Bibi, akaitazama sanamu, akautazama utaji kule juu ya jiko. Sijui alifikiri nini. Bibi alikuwa ameshaanza kupeleka mkono kichwani kwenye fundo la kilemba.

"Acha, bibi," Sista alisema. Kisha akanigeukia. "Uko Salamu Maria ya ngapi?"

Nikatazama kidole changu kwenye punje. "Ya saba, Sista. Nimeimaliza."

"Upepo ulikuja ukiwa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi nne hazina maneno yake. Rudi kwenye ya nne, uzisali upya ipasavyo. Panga watu wako."

Watu wako. Sikuamini masikio yangu. Nilipanga watu wangu. Nilinyanyua msalaba, nikarudisha vidole nyuma punje nne, nikaanza ya nne, kwa Kiswahili safi, na mstari ukatembea. Uliposimama kujibu, nilisikia kando yangu sauti nzito, isiyo na haraka, ikiyavuta maneno kwa matamshi ya Kigogo, nyuma kidogo ya wengine, kubwa kuliko ya wote: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Hakurudi ukutani. Alitembea nami mpaka kwenye groto, akajibu zote, mbele ya watu wa kila mkoa, na aliyegeuka kuangalia ni nani aliangalia. Nimepewa vyeti vitatu maishani mwangu, na kwenye sherehe zote tatu nilitafuta furaha ya siku ile sikuipata.

Tangu Jumapili iliyofuata Bibi alihamia benchi la tatu kutoka mbele, na alijibu.

Sasa ninafanya kazi ofisini, mjini hapahapa, na dirisha langu linatazama kiwanja kisichojengwa. Oktoba ninaviona visulisuli vikizaliwa na kufa ndani ya dakika chache, bila mtu kuvisemesha. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba maneno ya Bibi yaligeuza upepo. Ninachokijua ni kwamba watoto walikuwa wanakimbia, wakasimama.

Tulipomzika Bibi kule kijijini, familia iliniambia niongoze rozari. Wazee walijibu kwa Kigogo na vijana kwa Kiswahili, kila mmoja kwa mwendo wake, na hakuna aliyekosea. Tulipofika tendo la tatu, baada ya Salamu Maria ya tatu, nilinyamaza kidogo. Watu walidhani nalia, na kweli nililia, lakini nilikuwa pia nahesabu. Sista aliagiza nizirudie zile nne, nami nilizirudia zote. Ila mpaka leo sijaamini kwamba zile za kwanza hazikupokelewa.