Nyimbo Zilizofungwa Ndani ya Kivinjari

Mwanangu, kila unaponiuliza ni lugha ipi ya programu itakayotawala kesho vivinjari tunavyofungulia kurasa za mtandao, moyo wangu hurudi kwenye Jumapili moja ya mavuno.

Nilikuwa kijana, nimerudi nyumbani Bugene na kompyuta na kichwa kikubwa. Ma Kokugonza, mwalimu wa kwaya yetu, aliniomba nihifadhi nyimbo za Kinyambo, lugha yetu, walizotunga mama zetu. Nikatengeneza ukurasa wa mtandao wa kupendeza: maneno yanacheza, sauti inatoka. Nyimbo zote nilizifungia ndani ya lugha iliyovuma siku hizo, ambayo kivinjari hakikuielewa mpaka kiwekewe kiongezeo.

"Na hiyo lugha ikichoka, baba?" aliniuliza.

"Ma, hii haichoki. Zitachoka nyingine."

Miaka ikapita. Ikafika Jumapili hiyo ya mavuno: mikungu ya ndizi ilijaa mbele ya madhabahu, kwaya imesimama, nikafungua ukurasa. Vivinjari vipya vilikuwa vimekataa kile kiongezeo. Kikatokea kisanduku cheupe, basi.

"Wimbo wa leo mfupi!" akasema mzee wa sauti ya besi, na kwaya nzima ikacheka. Mimi nikabonyeza tena na tena. Baadhi ya watunzi walikuwa wameshatangulia mbele za Bwana, tungemuuliza nani?

Ma Kokugonza akatoa mkobani daftari lenye madoa ya kahawa. "Nilikuamini, baba. Ila niliandika pia."

Tuliimba siku ile mpaka watoto wakacheza kati ya viti.

Baada ya ibada alinipeleka kibanjani kwake, kwenye shamba la migomba, akanionyesha shina moja la mgomba: mama amebeba mkungu, binti ubavuni, mjukuu ndiyo kwanza anachomoza. "Hapa hatuna mgomba wa mwisho," akasema. "Wewe ulibakiza mmoja, ukang'oa wenzake."

Nikaandika upya. Nyimbo nikaziweka peke yake, kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka popote. JavaScript, lugha ambayo vivinjari huielewa bila kiongezeo, ikawa ya kuzionyesha tu. Leo vivinjari vinapokea hata programu za lugha nyingine, zikishageuzwa kuwa msimbo, maagizo ya kompyuta ambayo vinaweza kuyaendesha upesi, nazo zinafanya kazi pamoja na JavaScript. Namshukuru Mungu nimeyaona haya.

Basi, mwanangu, jifunze JavaScript vizuri, maana bado imebeba mkungu. Zinazochipua usizidharau. Lakini ulichokabidhiwa na watu usikifungie ndani ya lugha moja. Mama zetu walinipa nyimbo, si lugha ya programu.

Mungu aliyesikia Kinyambo cha mama zetu aibariki mikono yako, na ukurasa wako ufunguke siku ya mavuno.