Barua ya Mfagizi

Mama alikuwa mfagizi wa soko la Kiboriloni. Mwaka ambao halmashauri ilipunguza wafanyakazi, yeye na wafagizi wenzake walikaa miezi mitatu bila mshahara. Siku moja bosi wao alikuja na wageni kukagua soko. Walichomewa mbuzi, wakala mpaka mafuta yakawachuruzika viwikoni, mifupa wakaitupa chini.

“Shikamoo mama. Hebu safisha hapa,” bosi alisema, akijichokoa meno.

“Marahaba. Na mishahara yetu?”

“Bajeti imekauka. Vumilieni.”

Mama aliizoa mifupa yote kwa koleo, akaimwaga mezani, mbele yao.

Barua ya kumfukuza kazi ilidai amechafua soko. Nilimsomea mimi, na nilipomaliza nikatema mate. Wiki iliyofuata alianza kuuza ndizi sokoni humo humo.